Vikapu vya Nyanza Kusini: Tupime Bingwa au Timu ya Tano?

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 katika Kaunti ya Migori. Tofauti haifiki hata 16,000. Kaunti zote mbili zilimegwa kutoka wilaya moja ya zamani, South Nyanza, iliyoongozwa kutoka mjini Homa Bay hadi Migori ilipopewa wilaya yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila moja ina majimbo manane ya ubunge. Zote zimepakana na Ziwa Victoria, zote zinavua, zote zinalima miwa, na zote zina misheni zenye umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe. Anayetaka kulinganisha nguvu ya mpira wa vikapu wa shule za sekondari kati ya eneo na eneo hatapata jozi iliyolingana kuliko hii.

Sasa ingia katika ubishi wenyewe, iwe ni kwenye stendi ya matatu ya Oyugis au ndani ya basi la shule linalorudi kutoka mashindanoni. Ukitaja vikapu vya Nyanza Kusini, jina la kwanza kutajwa ni Agoro Sare, shule ya wavulana ya Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, ambayo imeibeba Nyanza hadi ngazi ya taifa. Jina la pili huchelewa. Migori huja baadaye kabisa, kama mgeni anayekaribishwa chai wakati sufuria imeshaoshwa. Hukumu hutolewa papo hapo: Homa Bay kali, Migori dhaifu. Mimi naikataa hukumu hiyo. Sisemi kwamba Migori ina bingwa aliyefichwa kwenye mashamba ya miwa ya Awendo. Ninachokataa ni kipimo chenyewe, kwa sababu kinapima shule moja na kuiita kaunti.

Kipimo hicho tumekirithi kutoka kwa namna mashindano yalivyopangwa. Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya, KSSSA, huweka vikapu katika muhula wa kwanza, pamoja na magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Shule huanzia kwenye zoni, hupanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa. Naam, mkoa. Katiba ya 2010 iliiondoa mikoa katika utawala wa nchi, lakini viwanjani bado iko vilevile, minane kamili. Homa Bay na Migori hukutana na Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira katika michezo ya Nyanza, na anayetoka juu pale huenda fainali za kitaifa akiitwa Nyanza. Vijana kumi na wawili wa shule moja wamegeuka kuwa kaunti sita.

Na hapo vikapu vinadanganya kuliko soka. Soka inataka vijana kumi na mmoja wanaojua kazi yao. Ukiwa na mshambuliaji wa ajabu na mabeki wa karatasi, utafungwa tu. Vikapu vinataka watano. Ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, uwanja una urefu wa mita 28 kwa upana wa 15, na kijana mmoja mrefu anayejua kusimama chini ya ubao, akipata mwenzake mmoja anayejua kupanga mchezo, anaweza kuipeleka shule ya kawaida hadi mkoani misimu miwili au mitatu. Wakimaliza kidato cha nne, shule inarudi ilikotoka. Je, tuseme kaunti ilikuwa kali mwaka ule na ikadhoofika mwaka uliofuata? Watoto wa kaunti ni wale wale. Walioondoka ni wawili.

Tazama Pwani. Wasichana wa Kaya Tiwi, kutoka Kwale, wametwaa ubingwa wa kitaifa zaidi ya mara moja, na kwa jina lao Pwani nzima imehesabiwa miongoni mwa ngome za vikapu vya wasichana. Watoe Kaya Tiwi katika hesabu, kisha mwombe shabiki akutajie shule tatu za vikapu za Lamu na Tana River. Tazama pia Bonde la Ufa. Laiser Hill Academy iko Ongata Rongai, na Rongai iko Kajiado, na Kajiado ilikuwa chini ya Bonde la Ufa. Basi ushindi wa Laiser Hill huandikwa kwa Bonde la Ufa. Lakini Rongai ni mji ambao maelfu ya wakazi wake huamkia kazini Nairobi na kurudi usiku. Ukali wa shule hiyo hauniambii lolote kuhusu kiwanja cha shule ya kutwa kule Turkana au Baringo. Unaniambia kwamba mpaka wa mkoa ulipita kusini mwa Nairobi na kuiacha Rongai upande wa pili.

Mambo si lazima yawe hivyo. Vuka mpaka wa Isebania uingie Sirari, mwendo wa miguu tu, na utakuta watu wale wale wakipimwa kwa mizani nyingine. Wakuria wa Migori na Wakuria wa Tarime ni kabila moja lililogawanywa na mpaka. Upande wa Tanzania, mashindano ya sekondari ni UMISSETA, na pale mkoa haupeleki shule, unapeleka kombaini. Walimu huchagua wachezaji bora kutoka shule mbalimbali, wanawaweka kambini, na Mkoa wa Mara unaingia uwanjani ukiwa Mara kweli. Kijana wa Tarime mwenye kipaji anaweza kuitwa kwenye kombaini hata kama shule yake ilitolewa mapema. Mwenzake wa Kehancha, upande wa Kenya, mwenye urefu ule ule na mkono ule ule, shule yake ikifungwa kwenye kaunti ndogo mwezi wa pili, msimu wake umekwisha. Atawatazama wengine kwenye simu.

Ukilinganisha mikoa kwa kombaini, unapata jibu la haki zaidi kwa swali la nguvu ya eneo. Kumi na wawili bora wa Mara dhidi ya kumi na wawili bora wa Mwanza: hapo kweli eneo limekutana na eneo. Lakini sitaki kuisifu Tanzania kupita kiasi. Kombaini haina kumbukumbu. Imeundwa kwa wiki chache, imecheza, imevunjwa. Hakuna mzee wa miaka hamsini anayevaa fulana ya kombaini ya mwaka fulani na kumtambia jirani. Kenya imejenga shule zenye wimbo, rangi na uhasama mtamu wa miaka. Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, bado inaingia uwanjani ikiwa na uzito wa jina lake kabla mpira haujarushwa. Nani anayewajenga wachezaji vizuri? Nadhani Tanzania inamwokoa mchezaji mmoja mmoja, Kenya inaokoa utamaduni wa mchezo. Kila upande umelipa gharama yake.

Uganda wamechagua njia ya tatu, njia ya soko. Shule za binafsi, St. Mary's Kitende ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi kwa soka, huwasaka vijana wenye vipaji popote walipo na kuwalipia karo. Kwa kawaida mwezi wa Agosti, katika michezo ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, shule za Kenya hukutana na shule za namna hiyo. Michezo hiyo ilikuwa Arusha mwaka 2022, Huye nchini Rwanda mwaka 2023, Uganda mwaka 2024, kisha Kakamega mwaka 2025. Wakenya wakifungwa, malalamiko ni yale yale: wenzetu wananunua. Ni kweli, na sisi pia tunavuta wanafunzi, ila tunafanya kwa kunong'ona. Mwalimu wa shule ndogo ya kutwa akimlea kijana kuanzia kidato cha kwanza, halafu kijana akaonekana kwenye michezo ya kaunti ndogo, mwalimu huyo hashangai muhula ukifunguliwa na dawati liko tupu. Kijana amepata shule yenye bweni, uwanja wa zege na pengine karo nafuu. Huwezi kumlaumu mzazi. Lakini mwaka huo shule iliyompokea ikitwaa kombe, tunasema eneo lake lina nguvu, na eneo lililomlea tunasema halina kitu.

Mfano wa mbali zaidi, lakini wenye mafunzo, ni Indiana huko Marekani. Mchezo huu ulibuniwa na James Naismith mjini Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, ila waliougeuza kuwa karibu dini ni watu wa vijiji vya mahindi vya Indiana. Mji wa New Castle una ukumbi wa vikapu wa shule ya sekondari unaoketisha zaidi ya watu 8,000. Kwa miongo mingi, hadi 1997, shule zote za jimbo hilo, kubwa kwa ndogo, ziliingia katika shindano moja lisilo na madaraja. Ndipo mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161 tu, ikafika fainali na kuilaza Muncie Central 32-30, kikapu cha mwisho kikifungwa na Bobby Plump. Filamu ya Hoosiers ya 1986 ilitokana na habari hiyo. Watu hupenda kuisimulia kama muujiza. Mimi naona kitu kingine: Milan iliwezekana kwa sababu katika Indiana kila kijiji kilikuwa na ringi nzuri, kocha na mechi za kutosha kila wiki ya majira ya baridi. Shule ya wanafunzi 161 haiwezi kutoka mahali ambapo shule ya wanafunzi 161 haina ubao. Nguvu ya Indiana ilionekana kwenye timu ambazo hakuna aliyezijua.

Basi tuje na kipimo hicho Nyanza Kusini: tuziache timu za kwanza za kaunti, tuangalie za chini yake, hadi ya tano.

Kwanza, ardhi. Maeneo mengi ya Ndhiwa na bonde la Lambwe, Homa Bay, na ya tambarare za Nyatike, Migori, yana ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mwaga zege jembamba juu yake bila msingi wa maana, na baada ya misimu miwili uwanja una nyufa zinazoota nyasi. Shule nyingi hazina hata zege hilo. Zina murram iliyosawazishwa, nguzo mbili za chuma au mbao, na ubao ulioliwa na mvua. Kiwanja cha namna hii kinamfundisha mtoto mchezo wa aina yake. Mpira ukidundwa kwenye kokoto huruka unakotaka wenyewe, kwa hiyo vijana hawapendi kudunda. Wanapasiana mapema, wanakimbia bila mpira, wanarusha upesi. Kwenye michezo ya kaunti timu hiyo hupendeza macho. Ikifika mkoani na kukutana na wapinzani wanaobana uwanja mzima, hapo ndipo inapoumia, kwa kuwa hakuna kijana hata mmoja anayeweza kuuvusha mpira kwa kuudunda huku mtu amemgandamia. Dakika kumi za robo ya kwanza zinatosha kuimaliza mechi.

Kitu kidogo kama wavu nacho kina kesi yake. Nimewahi kuiona mechi ya zoni ikisimama kwa muda mrefu kwa sababu ringi haikuwa na wavu. Mpira ulirushwa kutoka pembeni, ukapita penye ringi kwa kasi, ukaangukia upande wa pili. "Mwalimu, imeingia!" "Mwalimu, imepita nje, haikugusa chuma!" Mwamuzi, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule jirani, aliwatazama waliokuwa kwenye meza ya alama, wale wa mezani wakatazamana. Hakuna aliyesema uongo. Bila wavu, kikapu safi na mpira uliokosa kwa inchi moja hufanana kwa mtu aliyesimama pembeni. Mwishowe mwamuzi alikubali alama mbili, na mwalimu wa timu ya pili akaandika malalamiko kwenye karatasi ya mazoezi. Wavu wa kamba ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Hilo lilikuwa katika kaunti mojawapo ya hizi mbili, na lingeweza kuwa katika nyingine.

Pili, barabara. Oyugis iko kwenye barabara kuu inayotoka Kisumu kwenda Kisii, na Kisumu ndiko kwenye vikapu vingi vya Nyanza, vya shule na vya vilabu. Basi la shule linaweza kwenda Kisumu Jumamosi asubuhi kwa mechi ya kirafiki na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Barabara hiyo hiyo inaendelea kupita Kisii, Rongo, Awendo, Migori hadi Isebania, lakini kila kilomita ya kusini inaongeza gharama ya mafuta. Shule ya Kuria Mashariki ikitaka mechi tatu za kirafiki Kisumu kabla ya msimu, mwalimu mkuu ataona bajeti ya muhula inateketea. Kwa hiyo ninaposikia kwamba Homa Bay wana vikapu katika damu, nauliza ni Homa Bay ipi. Kasipul, jimbo la Oyugis, iko mlangoni pa Kisumu. Mfangano ni kisiwa, na timu yake hupanda mashua kwanza. Nikipewa shule ya Mfangano na shule ya Nyatike, siwezi kukuambia ipi inatoka kaunti yenye nguvu. Zote zinatoka mbali, basi.

Tatu, dini, jambo ambalo wachambuzi wa michezo hulikwepa. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu hapo Nyanza Kusini imekuwa mojawapo ya ngome zao. Kamagambo, upande wa Migori, ni tunda la mizizi hiyo. Wakatoliki nao walijenga Asumbi upande wa Homa Bay na Rapogi upande wa Migori. Sabato huanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama. Ratiba ya michezo ikiangukia hapo, shule ya Kisabato iko kanisani, na hakuna kombe litakaloitoa. Siisemi hii kama lawama; shule inayosimamia imani yake naiheshimu. Nasema tu kwamba orodha ya washindi inapotolewa, hakuna safu ya kuonyesha nani hakuwepo na kwa nini.

Nne, soka, na hapa Migori ina kisa chake. Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa Ligi Kuu ya Kenya. Kijana aliyekulia Awendo alimwona bingwa wa nchi akifanya mazoezi karibu na nyumbani kwao, mchezaji wa ligi akinunua mkate dukani anakonunua yeye. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao ilikuwa soka. Homa Bay pia ina soka ya kutosha, hata jina la klabu ya Gor Mahia limetoka kwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Ndhiwa. Lakini Oyugis ilipata shule iliyoamua kuvipa vikapu heshima sawa na soka, na uamuzi huo wa shule moja, ukirithiwa na mwalimu mmoja baada ya mwingine, umefanya kazi kubwa kuliko mito yote ya damu tunayoisifu.

Kuhusu damu, nimalize nayo hapa. Kila mechi ya Nyanza ina mzee mmoja pembeni anayesema Wajaluo ni warefu, vikapu ni vyao kwa asili. Mfano anaopenda siku hizi ni Sudan Kusini, ndugu zetu wa Kinailoti. Julai 2024 mjini London walifungwa na Marekani kwa alama moja tu, 101-100, na wiki moja baadaye wakaifunga Puerto Rico 90-79 katika Olimpiki ya Paris. Ni kweli wao ni warefu. Manute Bol, Mdinka, alikuwa na mita 2.31. Ila wengi wa waliocheza Paris walikulia au kufunzwa Australia na Marekani, kwenye kumbi zenye sakafu ya mbao na makocha wa kulipwa. Binamu zao waliobaki Bor na Malakal ni warefu vilevile, na hatuwaoni. Urefu wa mtoto wa Karachuonyo, Homa Bay, na wa mtoto wa Suna, Migori, hauna tofauti ya maana. Tukitafuta sababu, tuitafute kwenye nguzo na zege.

Kwa wasichana hesabu ni kali zaidi. Asumbi na Ogande upande wa Homa Bay, Dede na Nyabohanse upande wa Migori, ni shule za bweni: msichana akitoka darasani saa kumi, kiwanja kiko ndani ya ua. Mwenzake wa shule ya kutwa anatembea nyumbani, maji yanamsubiri kuchotwa na moto unamsubiri kuwashwa. Ukilinganisha kaunti kwa vikapu vya wasichana, kwa sehemu kubwa unalinganisha idadi ya vitanda vya bweni.

Na pesa? Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mwenyewe mtu wa Suba Kusini, Homa Bay, aliwaambia wabunge kwamba kiasi kinachomudika ni kama 16,900. Fedha za michezo hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo shule ya wanafunzi 300 hupata moja ya tano ya kinachopatikana katika shule ya 1,500, na mpira unauzwa bei moja kwa zote mbili. Upungufu huo wa fedha huiumiza timu ya tano kabla ya kuigusa timu ya kwanza. Timu ya kwanza ina wazee wa shule walioko Nairobi na ng'ambo. Simu moja inaleta jezi.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuupindua mchezo. Moja ni vikapu vya watatu kwa watatu, vilivyoingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo na ambavyo sasa viko pia katika michezo ya shule zetu. Vinataka ringi moja, nusu uwanja, wachezaji watatu na wa akiba mmoja, na mechi inaisha kwa dakika kumi au kwa alama 21. Shule ya Nyatike inaweza kuziba nyufa za nusu uwanja hata kama uwanja mzima umeishinda. La pili ni sekondari ya juu iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, ambapo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mkondo kamili wa masomo. Hapo nina wasiwasi. Mkondo huo ukipewa shule kubwa zenye viwanja tayari, tutakuwa tumeuhalalisha kwa sheria ule uvutaji wa wanafunzi unaofanywa sasa kwa siri, na Homa Bay itabaki na kilele chake huku kaunti ndogo za pembeni zikikauka.

Mimi nafikiri matokeo ya kweli yako hivi. Homa Bay ina timu bora zaidi, na hilo halina ubishi maadamu Agoro Sare wanacheza. Lakini panga bingwa wa kila jimbo, manane upande huu na manane upande ule, kuanzia wa kwanza hadi wa nane, kisha wa kwanza acheze na wa kwanza, wa tano na wa tano. Homa Bay itashinda mechi ya juu kwa tofauti kubwa. Mechi ya pili na ya tatu zitakuwa za jasho. Kuanzia ya nne kwenda chini sioni Homa Bay ikizidi, na nisingeshangaa Migori ikichukua nyingi, maana shule zake kama Kanga na Rapogi, ambazo sifa yao kubwa ni mitihani, zina mabweni, nidhamu na vijana wengi ambao hawajawahi kupewa msimu mmoja wa mechi za kutosha.

Siku ya kucheza mechi hizo iwe ya katikati ya wiki, ili Msabato na Mkatoliki wote wawepo. Uwanja si tatizo: Katiba imezipa serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Homa Bay iliyoweza kuandaa sherehe za Madaraka za 2025 katika Uwanja wa Raila Odinga haiwezi kushindwa na nguzo nne na zege la mita 28 kwa 15. Migori ijenge lake Rongo au Awendo, pembeni mwa barabara kuu, si nyuma ya ofisi. Na ninyi walimu wa michezo wa kaunti zote mbili, matokeo ya zoni na ya kaunti ndogo msiyaache kwenye faili. Yaandikeni yote, hadi ya timu iliyofungwa mechi ya kwanza na iliyokosa kuja, kisha yabandikeni mahali kila mtu atayasoma.